Saba, Si Zaidi Wala Pungufu

Ukumbi ule wa Kitui ulikuwa na viti vya plastiki vya rangi mbili, vya bluu mbele na vyeupe nyuma, na kufikia saa tatu asubuhi vyote vilikuwa vimekaliwa. Mimi nilikaa ubavuni karibu na dirisha. Ukikaa hapo unamwona anayezungumza na wanaomsikiliza kwa wakati mmoja. Kazi yangu wakati huo, kama ilivyo leo, ilikuwa kutuma habari za kaunti kwa redio. Nilikuwa nimepanga chumba katika mji mdogo wa Kabati, na siku za vikao kama hicho nilibeba madaftari mawili, moja la habari na moja la mambo yangu.

Wananchi walikuwa wameitwa kutoa maoni juu ya mapendekezo ya kubadilisha Katiba ya nchi. Mapendekezo yalikuwa mengi, lakini nilikuwa nimefika kwa ajili ya moja: idadi ya majaji wa mahakama ya juu kabisa. Katiba inasema saba. Swali lilikuwa kama saba hiyo ifungwe kabisa, isiguswe ila kwa kura ya wananchi wote, au Bunge liachiwe nafasi ya kuongeza.

Mhariri hakuwa ameniagiza jambo hilo. Nililifuata kwa sababu ya mama yangu.

Kikundi chetu cha mwethya, majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu bila kulipana, kilikuwa kimejenga bwawa la mchanga katika mto wa msimu ulio chini ya nyumba yetu, upande wa Tawa kule Makueni. Bwawa la namna hiyo ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga miezi mingi baada ya mto kukauka. Lilikuwa jambo jema kwa kila mtu. Lakini mchanga ulivyozidi kujaa ulipanda ukingoni, ukafunika mstari wa mkonge uliokuwa mpaka kati ya shamba la mama na la jirani yake, mwalimu mstaafu. Mpaka ukazikwa.

Kipande hicho cha ukingo ndicho mama alichopanda sukuma wiki na vitunguu, na ndicho kilichomlisha tangu baba afariki. Mwalimu alisema ni chake. Walichimba wakitafuta mkonge, wakapata kisiki kimoja kilichooza, na kila mmoja akasema hicho ndicho alichokuwa akikisema. Kamati ndogo ya kikundi iligawanyika. Kilichobaki kilikuwa kupeleka kesi kwa baraza la mwisho la kikundi, ambalo likisema limesema. Zaidi ya hapo kuna korti ya serikali tu, na mama alikuwa ameapa kwamba hatampeleka jirani kortini.

Katiba ya kikundi, maana kila kikundi kilichosajiliwa kina katiba yake, ilisema baraza hilo lina wazee watano "na wengine ambao mwenyekiti ataona wanafaa". Maneno hayo hayakumsumbua mtu hadi kesi ya bomba la maji, mwaka uliotangulia. Asubuhi ile wazee walikuwa watano na mambo yalionekana kumwendea vibaya binamu wa mwenyekiti. Wakaenda kunywa chai. Walienda watano, wakarudi wanane. Binamu akashinda.

Na mwenyekiti na mwalimu mstaafu walikuwa wameimba kwaya moja kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo nilisikiliza ukumbini kama mtu anayesikiliza maelezo ya dawa ya mgonjwa wake. Mama mmoja mwenye duka alisema saba ni wachache kwa nchi kubwa. "Hata kamati ya mazishi kwetu ina watu kumi na wawili," akasema, na ukumbi ukacheka. Mwanamume aliyevaa koti la suti juu ya sweta alisema hapana, ukifungua mlango wa kuongeza, kila anayeingia madarakani ataongeza wake, mwisho majaji watahitaji basi. Nikaandika yote.

Kisha akasimama mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu mwenye asili ya kaskazini mashariki, ambaye nilikuwa nikimwona sokoni Kabati siku za mnada. Mtu wa viti vya nyuma akamtupia neno: "Mzee, wewe si wa hapa!"

"Mbuzi wangu ni wa hapa," akajibu bila kugeuka. "Wewe kula mbuzi, mimi nitatoa maoni."

Alisubiri kicheko kiishe. Akasema anaunga mkono saba, tena iandikwe kwa wino usiofutika. "Lakini ukifunga idadi, sema pia siku mmoja hawezi kukaa, kazi inaendelea na wangapi. Mimi nikisafirisha mbuzi nasema wachungaji ni watatu. Mmoja akishikwa na malaria, mbuzi walale barabarani?"

Afisa aliyekuwa mbele akamwambia kwamba hilo liko tayari kwenye Katiba: mahakama ni ya majaji saba, lakini watano wanatosha kusikiza kesi.

"Basi vizuri," akasema mzee, akikaa. "Aliyeandika aliwahi kusafiri na mbuzi."

Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Nilipiga mistari miwili. Yalikuwa maneno mazuri ya redio, na jioni hiyo yalisikika hewani. Haikunipitia akilini kwamba yalinihusu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Tawa kwenye mkutano mkuu, katika darasa la shule ya msingi ambamo kikundi hukutana. Mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kwa sababu nina kompyuta na kwa sababu, walisema, naandika hata mtu akikohoa. Nilisimama na pendekezo langu limechapwa kwenye karatasi moja: "Baraza la mwisho litakuwa na wazee saba, si zaidi wala pungufu, nao watachaguliwa na wanachama wote."

"Kwa nini saba?" akauliza mwenyekiti. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, anayejua kuuliza swali ambalo analo jibu lake. "Kwa nini si watano tuliozoea?"

"Ni saba katika Katiba ya nchi, mwenyekiti."

"Aa. Kwa hivyo dada katibu anataka tuwe na mahakama ya juu hapa mtoni. Tutavaa na majoho?"

"Wewe utavaa gunia," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, "mradi usituletee wageni baada ya chai."

Darasa zima likalipuka, na mwenyekiti mwenyewe akacheka hadi akapangusa macho. Mikono ilipoinuliwa nilihesabu mara mbili. Tulipita kwa wingi mkubwa.

Tukachagua saba wetu, wanaume watano na wanawake wawili. Watu wa upande wa chini wa mto walimtaja mume wa dada yangu. Ni fundi wa kujenga, mtu wa maneno machache na wa haki. Hata mwalimu mstaafu aliinua mkono kumkubali. Niliandika jina lake kwenye orodha, la nne.

Hapa lazima niseme kilichokuwa moyoni mwangu, maana hakuna kumbukumbu za mkutano zitakazokisema. Nilijua kesi ya mama inakuja. Nilijua shemeji yangu ni mkwe wake. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikiwaambia kwamba idadi ikifungwa hakuna atakayepenyeza mtu wake, na wa kwangu akawa anaingia kwa mlango wa mbele, kwa kura. Sikumpendekeza. Sikumkataa. Nilinyamaza na kuandika, na kwa siku chache nililala vizuri.

Jambo ambalo sikulifikiria ni dogo kiasi kwamba hadi leo nikilikumbuka nasikia joto usoni. Kwetu Ukambani kuna nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, kati ya mkwe na mama mkwe. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni, hali naye meza moja, hamtaji jina, na akimwona anakuja njiani yeye ndiye anayeacha njia. Siku hizi vijana wengi hupeana mikono na mama wakwe zao kanisani na dunia inaendelea. Lakini shemeji yangu alilelewa na babu yake, na mama yangu ni mama wa zamani. Katika miaka kumi na sita ya ndoa ile sijawahi kuwaona chini ya paa moja. Akija kwetu, alisimama nje ya ua na dada yangu akatoka kumpokea.

Nilikuwa nimeyaona hayo kwa miaka kumi na sita. Nikamwacha akae hatua tatu kutoka kwa mama, amtazame, amsikilize na kumhukumu.

Siku ya kesi mama alivaa leso mpya na kufika saa moja kabla ya wakati. Katika kitalu nyuma ya jiko alikuwa na miche ya vitunguu iliyofikia urefu wa kuhamishwa. Alitaka neno liishe aipande. Mwalimu mstaafu alifika na faili. Walisalimiana vizuri, wakauliziana habari za wajukuu. Wazee wakaingia mmoja mmoja wakakaa kwenye madawati yaliyopangwa mbele. Nikahesabu. Sita.

Nilitoka nje. Shemeji alikuwa nyuma ya darasa, kati ya ukuta na tangi la maji, uso ameuelekeza kwenye tangi.

"Shemeji, wanakungoja."

"Yuko ndani?"

"Yuko."

"Basi mimi siko." Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni. "Katibu, ulikuwa unafikiria nini?"

Nilirudi ndani nikasema kwamba mmoja wa wazee ana udhuru wa ukwe, na nikaomba waendelee sita. Mwenyekiti alichukua karatasi yangu, ile ile niliyoichapa, akavaa miwani na kuisoma polepole. Akaisoma tena.

"Saba, si zaidi wala pungufu," akasema. "Dada katibu, hawa ni pungufu."

"Ni kweli, mwenyekiti."

"Ningekuwa na ruhusa ya kuongeza mmoja, tungeendelea sasa hivi. Lakini ruhusa hiyo mliniondolea." Hakulisema kwa kejeli, na hilo lilinichoma zaidi. "Katiba hubadilishwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni baada ya miezi mitatu. Mpaka kesi isikizwe, hakuna anayelima kipande kile. Mwalimu, umesikia? Mama, umesikia?"

"Nimesikia," akasema mama. Aliinuka, akakunja leso, akatoka kwa mlango wa upande ambao mkwe wake hakuwepo.

Miezi mitatu ile niliipitia vibaya. Kila Jumamosi niliteremka Tawa na kila Jumamosi nilikwenda kwanza kwenye kitalu, kabla hata ya kuingia nyumbani. Miche ya vitunguu ilirefuka, ikalala, ikaanza kuwa njano kwenye ncha. Mama aligawa nusu kwa majirani. Alimpelekea hata mke wa mwalimu. Mvua za msimu zilinyesha siku tisa na kukoma, na ukingo wenye unyevu ukabaki mtupu, umeota magugu tu, huku upande wa pili wa mto watu wakichuma. Mama alianza kununua sukuma wiki. Sikuwahi kumwona akinunua sukuma wiki.

Hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu, siku moja akichambua maharagwe mlangoni.

"Mwanangu, ulitaka anisaidie?"

"Nani, Mwaitu?" nikamwuliza mama.

"Usiniulize nani."

Nikasema ndiyo. Nikasema sikumtaja mimi, lakini nilifurahi alipotajwa.

Akachambua kwa muda. "Sasa tofauti yako na yule wa chai ni nini?"

Kabati, katika chumba changu, nilifungua daftari la habari nikitafuta namba ya simu ya mtu fulani, na nikakuta ukurasa wa ukumbi wa Kitui. Mistari miwili chini ya maneno ya mzee wa mbuzi. Chini yake, kwa mkono wangu mwenyewe, jibu la afisa: saba, lakini watano wanatosha. Nilikuwa nimeandika dawa na ugonjwa kwenye ukurasa mmoja, nikachukua namba nikaacha maelezo. Nilikaa kitandani nimeshika daftari. Niliogopa mkutano mkuu. Watu wangeuliza mbona kosa hili halikuonekana, na jibu la kweli lilikuwa kwamba sikutaka kuliona.

Siku ya mkutano niliomba nizungumze kabla ya kusoma kumbukumbu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu, lakini niliiweka karatasi mezani. Niliwaambia kwamba nilijua shemeji ni mkwe wa mama siku alipochaguliwa na nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Nikawaambia habari za mzee wa mbuzi. Nikasoma pendekezo jipya: wazee wabaki saba, watano ndio watakaokaa kusikiza kila kesi, mwenye undugu au ukwe na upande wowote akae kando, na wakizidi watano, wapunguzwe kwa kura ya kuokota punje za mahindi.

Kisha mwanamke yule wa nyuma akasema, "Kwa hivyo hata wewe ulikuwa unakunywa chai."

"Ndiyo, mama."

"Bila sukari au na sukari?"

Walicheka, na mimi nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Mwalimu mstaafu akaomba nafasi. Nilijikaza nikijua ana haki ya kusema lolote. Alisema tu kwamba hata yeye alikuwa na binamu wa mkewe miongoni mwa saba, na kwamba alikuwa akingoja kuona kama kuna atakayegundua. Akakaa. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, na mikono ikainuka karibu yote.

Kwa hiyo walitoka wawili kwa ukwe, mmoja kila upande, wakabaki watano kamili, na kikombe nilichokuwa nimeleta cha punje za mahindi hakikutumika. Mwenyekiti alisema kesi isikizwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa wenyewe wapo. Shemeji alikwenda mtoni kabisa, mbali, tukamwona amekaa juu ya ukuta wa bwawa akituonyesha mgongo.

Walisikiza tangu saa tano hadi saa tisa. Mama alieleza mkonge ulipopita, akitaja mwaka wa ukame ambapo baba aliupanda. Mwalimu alionyesha karatasi ya mzee wa mtaa aliyekwisha kufa. Waliteremka wote wakatazama kisiki kwenye shimo lake. Saa saba walipumzika wakanywa chai, na sikunywa. Nilisimama mlangoni nikawahesabu wakitoka na nikawahesabu wakirudi. Watano, watano. Mama naye aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, midomo ikienda taratibu. Nilidhani anaomba.

Uamuzi ulikuwa watatu kwa wawili. Mpaka ungepita kwenye kisiki na kukata ukingo kwa namna mwalimu alivyosema. Mama alibaki na sehemu ya chini, nyembamba, ile inayofika kwenye maji lakini ambayo mchanga wake ni mwingi kuliko udongo. Sehemu nzuri ilikuwa imekwenda.

Nilikuwa ninaandika na kalamu yangu ikasimama. Nilipiga hesabu ambayo sipaswi kuipiga na bado naipiga: kama wangekaa saba wote, na shemeji akawa upande wa mama, na binamu wa mke wa mwalimu akawa upande wa mwalimu, ingekuwa wanne kwa watatu. Jibu ni lile lile. Kisha najiuliza kama shemeji angekuwa upande wa mama. Kisha najizuia.

Mwenyekiti alimuuliza mama kama amekubali. Mimi nilikuwa nimemtayarishia maneno. Kama angesema hapana, ningempeleka mwalimu kortini Kitui au Makueni au popote, hata kwa kuvunja kiapo cha mama.

"Nimekubali," akasema. "Niliwahesabu. Walienda watano wakarudi watano."

Tulitembea naye nyumbani kwa njia ya juu ili shemeji apite ya chini. Alipofika kwenye kitalu aliinama, akang'oa mche mmoja wa kitunguu kati ya ile iliyobaki, akautazama mzizi wake.

"Hii bado inashika," akasema. "Kalete jembe. Na umwambie dada yako mume wake asiende. Anijengee kizuizi cha mawe pale chini, mchanga usinifuate. Mimi nitakuwa jikoni, sitatoka mpaka amalize."

Nilimpigia dada simu, kisha nikaenda kutafuta jembe. Nilipotazama mtoni shemeji alikuwa tayari anachagua mawe, akiyageuza moja moja kwa mguu, na kila baada ya muda alitupa jicho kwenye mlango wa jiko kuhakikisha umefungwa.